Mwongozo kamili wa kubuni ujuzi wa biashara katika michezo ya mtandaoni

Toleo la kwanza la mchezo wetu lilikuwa na ujuzi mmoja tu wa biashara: kila ngazi unayopanda, duka linakupunguzia bei kwa asilimia 3. Tulilijaribu wiki mbili na vijana 20, wengine wa hapa Mjini Unguja, wengine wa Chake Chake na Wete kule Pemba. Wote 20 waliuchukua ujuzi ule, na hakuna hata mmoja aliyefanya biashara. Walinunua dawa na mapanga kwa bei rahisi, wakarudi porini kupigana na majini.

Mimi nimelelewa na ami yangu, mtu wa kununua na kuuza pale Wete. Sijapata kumuona akila faida kwa sababu mwenye duka kampunguzia asilimia 3. Alikula faida kwa sababu alijua jambo ambalo mwenzake hajalijua, au aliaminiwa mzigo ambao mwengine asingeaminiwa, au alikuwa na pahala pa kuweka mali na moyo wa kungoja. Baada ya jaribio lile tulifuta kila kitu tukaanza upya kwa msingi huo: ujuzi wa mfanyabiashara umpe mchezaji jambo la kuamua, si punguzo. Haya yafuatayo ni njia tuliyopita, kwa mpangilio ambao ningeufuata kama naanza leo. Nayaandika kwa mtu ambaye tayari anaweza kutengeneza mchezo wa wachezaji wengi lakini soko lake bado halina uhai.

Hatua ya 1: Chora njia ya fedha

Kabla ya kuandika jina la ujuzi hata mmoja, chukua karatasi uandike fedha za mchezo zinaingilia wapi na zinatokea wapi. Kwa kawaida huingia kwa kuua majini, kwa kazi ambazo mchezo unamlipa mchezaji, na kwa kuuza vitu kwenye maduka yanayoendeshwa na mchezo wenyewe. Hutoka kwa matengenezo ya silaha, nauli, ushuru, na vitu vinavyonunuliwa vikatumika vikaisha. Biashara baina ya mchezaji na mchezaji haizai fedha mpya. Zinatoka mfuko huu zinaingia ule. Duka la mchezo ndilo linalozizaa, na hapo ndipo pa kuweka jicho.

Usidhani dawa ni kuweka kikomo cha mali yote iliyomo duniani. Mchezo wa Ultima Online, uliotoka 1997, ulianza hivyo: chuma au ngozi iliyotumika ilirudi kwenye hazina ya dunia ile ili izaliwe tena. Wachezaji wakarundika vitu majumbani mwao, hazina ikakauka, na mpango ukaachwa. Sisi tunapima jambo moja tu kila siku: katika kila fedha 100 zilizoingia, ngapi zimetoka? Wachezaji wakiwa wanaongezeka, 90 hadi 95 zinatosha. Zikishuka chini ya 80 siku kadhaa mfululizo, tunaacha kazi nyengine zote tukatafute mwanya.

Hatua ya 2: Tenganisha bei kwa pahala na kwa msimu

Kama mkufu una bei moja dunia nzima, hakuna ujuzi wa biashara utakaoubuni ukafaa, kwa sababu hakuna cha kuchukua huku ukapeleka kule. World of Warcraft una nyumba za mnada zinazomrahisishia mchezaji kununua anachotaka, na kwa mchezo wa mapigano hilo ni jambo zuri. Lakini ukitaka wachuuzi wa kweli, angalia Albion Online, ambako kila mji una soko lake na mzigo lazima ubebwe njiani, au EVE Online, ambako eneo hili na eneo lile hayana bei sawa na meli ya mizigo inaweza kuvamiwa katikati.

Sisi wa visiwani tuna mfano mkubwa zaidi ya huo. Kaskazi ilipoanza kuvuma mwisho wa mwaka, majahazi ya Arabuni na Bara Hindi yalishuka Unguja na tende, mazulia na vitambaa. Kusi iliposhika, yakarudi na karafuu, pembe na boriti za mikoko. Upepo wenyewe uliamua nini ni ghali na lini. Katika mchezo wetu kaskazi inavuma wiki 2 na kusi wiki 2, na baina yao kuna siku 3 za bahari shwari ambazo majahazi hayaendi popote. Siku hizo 3 bei zinapanda bandarini na kila aliyeweka akiba anachekelea. Ni kanuni ndogo sana kuandika kwenye msimbo, na imetupa uhai kuliko kitu chochote chengine.

Kwa bei ya maduka ya mchezo tumia hesabu hii: chukua akiba ambayo duka linataka kuwa nayo, igawe kwa akiba iliyopo, tafuta kipeuo cha pili cha jawabu, kisha zidisha kwa bei ya msingi. Tuseme frasila ya mchele bei yake ya msingi ni 100 na duka linataka frasila 400. Zikibaki 225, bei ni 133. Zikibaki 100, bei ni 200. Mkilimwagia 1,600, bei inaanguka hadi 50. Weka mipaka hapo hapo, isipite mara 2 wala isishuke chini ya nusu, na kila saa akiba irudi kidogo kuelekea inapotakiwa. Sisi tunarudisha asilimia 5 ya tofauti. Kwa njia hii mchuuzi wa kwanza kufika anapata, wa kumi anakuta soko limejaa.

Hatua ya 3: Hesabu mtego wa punguzo kabla haujakuhesabu

Sisemi punguzo ni haramu. Ragnarok Online, mchezo wa Korea uliopendwa sana, una daraja la Merchant lenye ujuzi wa Discount (kununua dukani kwa punguzo) na Overcharge (kuliuzia duka kwa bei ya juu), na kila mmoja ukifika ngazi ya 10 unatoa asilimia 24. Umesimama kwa sababu hesabu yake imefungwa. Tuseme duka linauza kitu kwa 100 na linakinunua kwa 50. Mwenye ujuzi wote wawili anakinunua kwa 76 na kukiuza kwa 62. Hawezi kulinunulia duka mali yake akalirudishia kwa faida.

Sasa tuseme umeleta sikukuu, na kwa furaha umepandisha bei ya duka kununua kutoka 50 hadi 65. Mchezaji yule anauza kwa 80.6 kitu alichokinunua kwa 76, pale pale, bila kutembea hatua. Faida ni 4.6 kwa kila kimoja, usiku kucha, na roboti, yaani programu inayomchezea mtu, halilali. Kwa hiyo kanuni iandikwe kwenye msimbo, usiitegemee kumbukumbu yako: bei ya juu kabisa ambayo duka linaweza kununulia, baada ya kila ujuzi na kila sikukuu, ibaki chini ya bei ya chini kabisa ambayo duka hilo hilo linaweza kuuzia.

Na usisahau kazi za mikono. Sisi tulifunga kila mlango wa maduka tukasahau makumbi ya nazi. Makumbi ya 30 yalisokotwa kamba iliyouzwa 34 kwenye duka la jirani, na mwenye punguzo aliyapata makumbi yale kwa 24. Asubuhi tulikuta mtoto mmoja wa majaribio ana fedha kuliko bandari nzima. Pitia kila kitu kinachotengenezwa kwa vitu vinavyouzwa dukani, ujumlishe bei ya viungo vyake vyote, ulinganishe.

Hatua ya 4: Chagua ujuzi wenyewe

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na hapa ndipo wabunifu wengi wanapoharakisha. Ujiulize kila unapotaka kuongeza ujuzi: baada ya kuupata, mchezaji ataamua nini ambacho jana asingeweza kuamua? Kama jawabu ni «hakuna, atapata zaidi tu», uache.

Anza na jicho la mali. Karafuu si karafuu tu. Kuna iliyokauka vizuri, kuna iliyonyeshewa ikaota ukungu, kuna iliyochanganyika na makonyo, na mnunuzi mzoefu anaitia mkononi, anaikamua, anaisikiliza ikivunjika, anajua. Katika mchezo wetu kila gunia lina ubora kati ya 1 na 100 ambao hauonekani. Asiye na ujuzi anaona «karafuu» basi. Ngazi ya 1 anaona «kati ya 40 na 80». Ngazi ya 3, «kati ya 50 na 70». Ngazi ya 5, «kati ya 58 na 64». Hata bingwa haoni namba kamili, na hilo tumelifanya kusudi, kwa sababu palipo na uhakika kamili hapana kupatana bei. Ujuzi huu umezaa kazi ambayo hatukuibuni: wachezaji wenye jicho wakaanza kulipwa na wenzao ili wawakagulie mizigo.

Ndugu yake ni habari za bandari. Usimwonyeshe mchezaji bei za dunia nzima kwenye kioo kimoja. Mwonyeshe bei za bandari nyengine kama alivyozileta nahodha wa mwisho: za saa 12 zilizopita kwa ngazi ya 1, za saa 2 kwa ngazi ya 5. Mtu anapakia mzigo kwa habari ya jana, anafika anakuta mambo yamebadilika, anaamua auze kwa hasara au asogee mbele. Hapo ndipo biashara inapokuwa mchezo. Na mpe daftari linaloandika lenyewe alichonunua, kwa bei gani, wapi. Mali bila daftari hupotea bila habari, na kwenye simu yenye kioo kidogo hakuna mchezaji atakayeandika pembeni.

Halafu kuna mali kauli. Kila anayefahamu masoko yetu anaijua: unachukua mzigo kwa mwenye mali bila kulipa, unakwenda kuuza, unarudi na fedha yake, faida ni yako. Kinachokuwezesha ni jina lako tu. Huu ndio ujuzi ninaoupenda kuliko wote, kwa sababu unamfungulia mlango mchezaji asiye na mtaji. Mchezaji mpya anapewa mzigo wa fedha 50 na siku 3 za kurejesha. Akirejesha kwa wakati, mara ijayo 75, kisha 110, na kuendelea. Akichelewa, kiwango kinashuka nusu. Akikimbia, jina lake linaharibika bandari zote.

Hila itakuja siku ya kwanza: mtu ataumba mhusika mpya, achukue mzigo, amgawie mhusika wake mkubwa, amfute yule mpya. Ifungeni hivi. Mzigo wa mali kauli utiwe alama, uweze kuuzwa sokoni tu, usiweze kutolewa zawadi wala kubadilishwa mkononi, na fedha ya mauzo ikatwe deni kwanza kabla ya kuingia mfukoni. Tangu tuweke hayo mawili hatujaona hila ile tena.

Udalali nao una nafasi yake. Ukisimama mnada wa samaki Malindi, hapa Mjini, asubuhi utaona jambo ambalo michezo mingi haina: watu wamemzunguka dalali, samaki hawangoji, bei inapanda kwa sauti na jambo linamalizika kwa muda mfupi. Mnada wa michezo mingi ni orodha ya vitu inayokaa saa 24 au 48 bila mtu. Sisi tumewapa madalali wa ngazi ya 3 uwezo wa kuitisha mnada wa sekunde 90 pale bandarini, kwa waliopo tu. Dalali anakula ujira anaopatana na mwenye mali, na ngazi zikipanda anaweza kuita watu kutoka mitaa ya mbali zaidi. Kwa vitu vinavyoharibika, samaki na matunda, mnada huu unauza kuliko duka. Kwa mbao na vyuma haufai, na tumeuacha hivyo.

Kubeba na nafasi za kuuzia nitapita haraka, kwa kuwa michezo mikubwa imekwisha onyesha njia. Katika EVE Online, uliotoka 2003, mhusika anaanza na nafasi 5 za oda sokoni; ujuzi uitwao Trade unaongeza 4 kwa kila ngazi, Retail 8, Wholesale 16, Tycoon 32, na kila mmoja una ngazi 5, hata mtu akafikia oda 305. Ni mpango mzuri kwa sababu nafasi haikupi faida yenyewe. Inakutaka uwe na mtaji na akili ya kuijaza. Kwa mchezo mdogo wa simu, nafasi 3 za kuanzia na 30 za mwisho zinatosha. Jahazi pia: pima mzigo kwa frasila na uongeze kidogo kidogo.

Mwisho katika hatua hii, kungoja. Pemba mtu hununua karafuu zikiwa bado juu ya mti. Anamlipa mwenye shamba leo, na zikiwiva anachuma mwenyewe. Mwenye shamba amepata fedha ya matumizi, mnunuzi amebeba hatari ya mvua na ya bei. Kisha kuna kuanika: karafuu mbichi kilo 3 hivi hutoa kilo 1 kavu, zinataka siku kadhaa za jua, na wingu likitanda watu wanakimbilia majamvi. Tumeyaweka yote mawili. Mchezaji anakodi mikarafuu siku 10 kabla ya msimu, na ujuzi wake unampa makisio ya mavuno, mapana au membamba. Akichuma, anachagua kuuza mbichi leo au kuanika siku 3 huku anaangalia mawingu. Wachezaji wetu wanaamka alfajiri kutazama hali ya hewa ya mchezo. Sijaona ushahidi mkubwa zaidi ya huo kwamba ujuzi unafanya kazi.

Hatua ya 5: Ujuzi ukue kwa ushuru uliolipwa

Ukimpa mchezaji maarifa, yaani alama za kukuza ujuzi, kwa idadi ya mauzo, marafiki wawili watauziana jiwe moja mara 1,000. Ukimpa kwa faida, mmoja atamuuzia mwenzake jiwe hilo kwa milioni na kurejeshewa fedha mlango wa nyuma. Tulizunguka sana na jambo hili mpaka tukaona kwamba kitu pekee kisichoghushika ni kile kinachomuuma anayeghushi. Kwa hiyo ujuzi wa biashara katika mchezo wetu unakua kwa ushuru ambao mchezaji amelipa forodhani. Akitaka kughushi, aghushi. Fedha yake inatoka duniani na bei za wengine zinatulia. Tumeongeza sharti moja, kwamba mzigo uliokwisha lipiwa bandari moja haumpi mtu maarifa tena bandari hiyo hiyo.

Hatua ya 6: Weka viwango vya ushuru

Katika Guild Wars 2, muuzaji anakatwa asilimia 5 anapoweka kitu na asilimia 10 kinapouzika, jumla 15. World of Warcraft unakata asilimia 5 kwenye mnada. Old School RuneScape ulikaa miaka bila ushuru kwenye Grand Exchange, soko lake kuu, ukauanzisha Disemba 2021 kwa asilimia 1. Forodha ya Unguja ya karne ya 19, kwa mikataba ya biashara na mataifa ya nje, nayo ilitoza asilimia 5 ya mali inayoingia. Anza na 5. Ujuzi unaweza kuushusha, kama Accounting ya EVE Online inavyofanya, ila usiufikishe sifuri, maana hatua ya 5 yote inasimama juu yake. Kwetu chini kabisa ni asilimia 2.

Hatua ya 7: Walanguzi, magendo na roboti

Mlanguzi atanunua mchele wote wa bandari auzuie. Grand Exchange inaweka kikomo cha idadi ambayo mtu mmoja anaweza kununua kila saa 4, na ndiyo dawa rahisi kuliko zote. Sisi tumeiweka kwa chakula na dawa peke yake. Vitu vya anasa alangue atakavyo, kwani hesabu ya hatua ya 2 na gharama ya ghala zinamtafuna taratibu.

Magendo nimeyatizama tofauti. Kisheria karafuu za Zanzibar zinauzwa ZSTC, shirika la biashara la taifa, kwa bei inayotangazwa. Kwa miaka mingi bei ya pwani ya Kenya ilipokuwa juu, karafuu za Pemba zilivuka usiku kwa mashua. Kwa mbunifu hili ni funzo la moja kwa moja: ukiweka mnunuzi wa bei moja mahala na jirani analipa zaidi, mali itavuka, iwe unataka au hutaki. Basi ipe njia. Mnunuzi wa serikali katika mchezo wetu ni wa uhakika, ananunua kiasi chochote bila bei kuanguka, na mnyonge anamtegemea. Anayetaka zaidi avuke usiku, apate bei nzuri au apoteze jahazi na jina. Mzigo wa magendo haulipiwi ushuru, kwa hiyo haukuzi ujuzi.

Roboti hupenda kazi isiyohitaji uamuzi. Ukiwa umefuata hatua ya 4 utaona hayana mengi ya kufanya.

Jambo jengine: soko lisiwe njia bora ya kupata kila kitu. Diablo III ulikuwa na nyumba ya mnada, hata ya fedha halisi, na ikafungwa tarehe 18 Machi 2014 kwa sababu kununua silaha kulikuwa kumemaliza ladha ya kuitafuta. Weka vitu visivyouzika, hasa vile ambavyo mchezaji anavipata kwa jasho lake kubwa kabisa.

Hatua ya 8: Jaribu kwa jedwali, kisha kwa watu

Kabla ya mchezaji yeyote kugusa, tengeneza wafanyabiashara watatu wa bandia kwenye Excel au kwa programu fupi: mchuuzi anayekwenda na kurudi kila siku, mlanguzi anayenunua kila kikishuka, na mzembe anayeuza popote alipo. Waache siku 30 za mchezo. Mzembe asifilisike kabisa. Mchuuzi amshinde mzembe mara 2 au 3, si mara 20. Mlanguzi akipata zaidi ya mchuuzi kila wiki, rudi hatua ya 2 uongeze kasi ya akiba kurudi. Pima pia siku ngapi mchezaji mpya anahitaji kununua jahazi la kwanza. Sisi tumeamua 6, na kila tunapobadilisha namba yoyote tunaipima tena.

Kisha mpe mtu ambaye hajui michezo ila anajua soko. Mimi nilipanda boti mpaka Pemba na simu yangu, nikamwekea ami pale barazani. Alicheza kimya karibu saa nzima, akauza magunia manane, halafu akavua miwani.

«Mwanangu, mizani iko wapi?»

Nikamwambia uzito umeandikwa pale juu, ami, kila gunia na frasila zake.

«Kaandika nani?»

Sikuwa na jibu. Nilirudi Mjini, na sasa katika mchezo wetu uzito hauandikwi popote mpaka mtu apime. Kuna mizani ya forodha iliyo sahihi lakini yenye foleni, kuna mizani ya mnunuzi ambayo si ya kuaminika kila siku, na kuna ujuzi mpya wenye ngazi 5 wa kulinyanyua gunia kwa mikono miwili ukajua umepunjwa kiasi gani.